Uso wa Tatu wa Ambrose Kell

Mtu anayeweza kuwa yeyote, akipenda, hupenda kwa uso upi? Swali hilo lilimkaa Cordelia rohoni tangu asubuhi.

Alikuwa kantini ya studio, Hollywood, mbele ya mchumba wake Ambrose Kell, mwigizaji mashuhuri wa mazimwi katika sinema zisizo na sauti. Ambrose alikuwa amevaa nundu ya bandia mgongoni, jicho moja limefunikwa kwa utando wa ndani ya ganda la yai, na meno ya bandia yaliyomlazimu kunywa supu kwa mrija.

"Jana Bwana Lindqvist kaja tena," Cordelia alisema.

"Yule tajiri wa machungwa?"

"Huyohuyo. Kaniambia niachane na zimwi, nimfuate yeye."

"Ukamjibuje?"

"Unaniuliza mimi? Si ulikuwepo?"

Ambrose aliuachia mrija. Waliokaa meza ya jirani wakaacha kutafuna.

"Kazi yangu ni kukata na kuunga filamu zako, Ambrose. Kila ukiigiza mapenzi, bega lako la kushoto hutangulia. La Lindqvist pia."

"Nilitaka tu kujua kama..."

"Kama ninanunulika, ndiyo maana ukajifanya tajiri. Haya, umejua. Sasa zamu yangu. Mwaka mzima wa uchumba, leo masharubu, kesho kovu. Uso wako uko wapi?"

"Ni wa kawaida mno. Mtu huusahau kabla hajafika mlangoni."

"Nionyeshe, niusahau mwenyewe."

Ambrose akaanza kubandua pua. Mwongozaji, Bwana Haskell, akaja mbio, leso ya chakula ingali shingoni.

"Una wazimu wewe? Uso huo umekula asubuhi nzima, na kamera inasubiri."

Ambrose akaendelea kubandua. Akatoa meno, akaondoa utando jichoni, akajifuta gundi kwa mafuta. Ukatokea uso mwembamba wenye madoadoa, uliochubuliwa na gundi, usiojua utazame wapi.

Cordelia akauchunguza taratibu, kama mtu aliyefunguliwa chumba ambacho hakuwahi kuingia.

"Bibie, mwambie avae," Haskell alisihi. "Mtagombana baada ya harusi Jumamosi, kama watu wote."

Cordelia alisimama, akawageukia wote.

"Jumamosi hakuna harusi. Zimwi na tajiri nimewakataa wote wawili. Huyu ndiyo kwanza nimekutana naye, na Jumamosi nitakwenda kula naye chakula cha mchana."