Motion ya Gisèle Mbele ya Kambi Mbili

Simu ya mteja iliita, na iliita kwa sauti ya Gisèle mwenyewe.

Alikuwa sokoni Kamina, ameshika samaki mkavu wa Kinkondja, akitaka kumfungia Mama Bijou, mke wa askari wa Base, kituo cha jeshi. Ghafla ndani ya mkoba wa Mama Bijou msichana akaanza kuimba wimbo wa mwanamuziki Docteur Mielo. Alipanda juu kule ambako koo lake halikupewa ruhusa ya kufika, akakwama, akakohoa, kisha akaendelea kwa ushujaa mkubwa.

— Mama Bijou, hiyo sonnerie ya simu ulipata wapi?

— Haujue, mutoto yangu? Base yote iko nayo! Banaiitaka "Mbuzi ya Clinique". Bwana yangu njo alinitumia. Nilicheka mpaka machozi!

Gisèle hakucheka. Wimbo ule aliurekodi kitandani akiwa na malaria, akamtumia mtu mmoja tu duniani: Fils, mchumba wake, ambaye wajomba zake walitarajiwa Jumatatu kuja kuongea mahari.

Yafaa ielezwe, kwa heshima zote, kwamba Kamina ina madhehebu mawili ambayo askofu hayajui. Mashabiki wa mwanamuziki Amiral Sapato wanajiita Marine, ingawa bahari hawajawahi kuiona. Mashabiki wa Docteur Mielo wanajiita Clinique, ingawa hakuna anayejua kupiga sindano. Kila Jumapili baada ya misa, kambi hizo hukutana mbele ya kibanda cha Noé cha kuchaji simu, kujadili nani anaimba na nani anabweka. Gisèle ni Clinique wa damu. Fils, kijana wa Base, ni makamu wa rais wa Marine.

Akampigia palepale, mikono ikinuka samaki.

— Fils, sauti yangu inafanya nini mu simu ya Mama Bijou?

— Sauti gani, chérie?

— Ile ya mbuzi.



— Aah, ile... Kuna muntu alishika simu yangu.

— Nani?

— Muntu.

— Muntu njo jina yake?

Fils akasafisha koo.

— Sikia, chérie. Clinique walitushinda mu débat. Président Zébédée akasema tutafute kitu ya kuwajibu. Ilikuwa mchezo tu! Tena hakuna mwenye anajua kama ni weye.

— Juu ya nini hawajue? Ku mwisho nilitaja jina yako.

— Nilikata.

— Ulikata nini?

— Ile mwisho. Pahali unataja jina yangu. Ilikuwa ya kukulinda!

— Kunilinda miye, ao kujilinda weye?

Gisèle akakata simu. Muda si muda ujumbe ukaingia: "Bébé usikasirike. Marine wakijua fiancée yangu ni wa Clinique, watanitoa ku comité. Tufunge kwanza ndoa, kiisha nitawaambia polepole."

Polepole! Kumbe ndiyo sababu kila Jumapili alimkataza kufika kwenye débat, eti jua ni kali, chérie, utaumwa kichwa. Kuchekwa, Gisèle angevumilia; hata yeye alijua kwamba koo lake si la malaika. Lakini mwanamume mzima akae chini, atulie, akate jina lake mwenyewe kutoka mdomoni mwa mwanamke anayetaka kumwoa!

Jumapili jua lilikuwa kali kweli, na Gisèle alifika.

Zébédée, rais wa Marine, alikuwa amesimama juu ya kreti ya bia, jasho likimtoka kama mhubiri.

— Docteur gani huyu? Wagonjwa wake wote walikufa masikio!

— Motion! akapiga kelele Gisèle.

Noé akapuliza filimbi. Pale kwa Noé motion ni kitu kitakatifu, kimechukuliwa bungeni moja kwa moja kupitia redio: anayeiomba husikilizwa mpaka mwisho, hata kama ni mjinga, na anayemkatiza hufukuzwa.

— Miye njo ile mbuzi, alisema Gisèle.

Kicheko kililipuka. Filimbi ikalia tena.

— Chekeni muzuri. Sasa mutasikia yote, ile yenye haikukatwa.

Akachomeka simu yake kwenye spika ya Noé. Wimbo ukapanda, ukakwama, ukakohoa. Watu wakashika mbavu. Kisha ikaja ile sehemu ambayo Base haikuwahi kuisikia, sauti ndogo, iliyochoka: "Fils yangu, homa haijaisha. Lakini nikikuimbia, inapungua. Lala muzuri."

Mbavu zikaachiliwa. Macho yote yakamgeukia Fils, aliyekuwa anachunguza kiatu chake.

— Ba Fils ni wengi mu Kamina, mtu mmoja akajaribu.

— Fils Kyungu wa Base, simama! Sikuombe uache Amiral yako. Mupende mpaka azame. Nakuuliza kitu moja tu: miye ni nani kwako?

Swali lilikuwa jepesi. Mtoto wa katekisimu angelijibu bila kujikuna. Fils akafungua mdomo. Lakini kabla neno halijatoka, akageuza kwanza macho, akamtazama Zébédée.

Gisèle aliona. Kambi zote mbili ziliona. Zébédée mwenyewe aliona, akashuka kwenye kreti kwa haya.

— Petit, usiniangalie miye! Jibu mwanamuke.

— Iko... iko fiancée yangu.

— Ilikuwa, alisema Gisèle.

Akachomoa waya, akamshukuru Noé. Marine na Clinique, ambao hawajawahi kukubaliana hata jua linachwea upande gani, wakamfungulia njia kwa pamoja. Fils akamkimbilia nyuma.

— Chérie! Bajomba bameshatoka Kabondo-Dianda! Unajua ile barabara ni mubaya!

— Kurudi banajua pia.

Nyumbani mama yake alikuwa ameinama juu ya sufuria, anachuja munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwa ajili ya wageni.

— Mama, bageni habatakuya kesho.

— Yesu! Nani alikufa?

— Hakuna. Fils anaona haya juu yangu, mbele ya barafiki yake. Munkoyo tutakunywa siye benyewe.

Mama akaweka chujio chini. Akachukua kikombe kikubwa, kile kilichotengwa kwa mjomba mkubwa, akakijaza mpaka mdomoni, akampa binti yake kwa mikono miwili.