Nathalie na Ukurasa wa Nyimbo

Kila Jumamosi, baada ya kupalilia maharage, Nathalie alifuatana na mama yake, Perpétue, kwenye mazoezi ya kwaya. Perpétue aliongoza kwaya ya Wakongo pale Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, na kabla ya kila wimbo alikuwa na desturi ya kumtaja aliyeutunga. "Huu ni wa mama Yudita," angesema, hata kama wote walijua.

Jumamosi moja waimbaji walishika simu badala ya karatasi. Nathalie, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameweka maneno ya nyimbo kwenye ukurasa wa mtandaoni. Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba kesho yake katika kanisa moja la mjini Mbarara, na baadhi ya nyimbo zilikuwa mpya. Chini ya ukurasa palisomeka: "Kazi ya Nathalie."

Walianza vizuri. Kisha sauti ya kwanza ikaenda huku, ya tatu ikaenda kule, na mzee Grégoire akanyamaza kabisa.

"Baba Grégoire, kuko nini?" Perpétue aliuliza.

"Kwa simu yangu mistari inapandana kama mbuzi mulangoni. Niimbe ya juu ao ya chini?"

Watu wakacheka. Nathalie hakucheka. Kwenye kompyuta ya klabu alikojifunzia herufi zilipangika vizuri. Kwenye simu hii ndogo zililaliana. Kwa nini?

"Kesho tuko mbele ya watu, mutoto wangu," mama yake alisema kwa sauti ya chini. "Utaweza kutengeneza?"

"Ndiyo, mama," alijibu, bila kujua aanzie wapi.

Mchana alikwenda kwenye klabu ya kompyuta, akaeleza jinsi mistari ilivyopandana. Mwalimu Mahadi, kijana kutoka mji wa jirani wa Kabingo, alitazama msimbo wa ukurasa, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta namna ya kuupanga.

"Kazi nzuri. Uliandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sawa. Basi nafasi ya mistari ulipima namna gani hapa?"

Nathalie alikikodolea macho kioo. Alibadilisha namba moja, herufi zikavimba. Alibadilisha nyingine, wimbo wote ukatoweka.

"Hata mimi sielewi," Mahadi alisema taratibu. "Kama mwenye kuandika haelewi, sasa tutauliza nani?"

Nathalie alimkumbuka mama yake akisema, "Huu ni wa mama Yudita." Akainamisha kichwa.

"Mwalimu, si mimi niliyeandika."

Akaeleza yote. Msimbo wa kupanga herufi ulitoka kwenye maktaba ya mtandaoni, kazi ambayo watu wameiandika na kuiacha wazi ili yeyote aitumie bure, mradi jina la mwandishi libaki. Mistari ya juu ya msimbo huo ilikuwa na jina hilo na anwani ya maelezo. Nathalie aliifuta yote ili kazi ionekane yake.

Mahadi hakumkemea. "Ulipakua kwa kompyuta hii?"

Wakatafuta, wakaipata nakala ya mwanzo. Anwani iliwafikisha kwenye maelezo, na huko mtu mwingine alikuwa ameuliza swali lile lile na kujibiwa: kwenye simu ndogo, nafasi ya mistari lazima ifuate ukubwa wa herufi. Nathalie akaongeza maagizo hayo, akajaribu kwenye simu ya mwalimu. Mistari ikaachana. Kisha, bila kuambiwa, akarudisha jina alilolifuta.

"Kutumia si kosa, wametupa tutumie," Mahadi alisema. "Lakini ukifuta jina lao, unafuta na njia ya kwenda kuwauliza. Na ukijifanya unajua, hakuna mtu atajua kwamba unahitaji msaada."

Jumapili, huko Mbarara, mzee Grégoire aliinua simu yake karibu na macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Perpétue aligeukia watu. Jioni iliyotangulia Nathalie alikuwa amemweleza kila kitu.

"Wimbo huu ni wa mama Yudita," alisema. "Herufi tunazosoma zilipangwa na mutu wa mbali, hatumujui, lakini tunamushukuru. Na aliyezileta kwa simu zetu ni Nathalie, mutoto wangu."

Kisha akainua mkono, na kwaya nzima ikaanza pamoja.