Bi Johari na Uji wa Mwamini

Bi Johari wa Bungu aliwashinda wanawake wote wa mtaa wake kwa mambo matatu: kusuka ukili wa mikeka, kusema watu, na kulisha watoto.

Watoto aliwalisha kwa kiganja, kama alivyolishwa yeye. Alinyoosha miguu mkekani, akamlaza mtoto chali mapajani, akakinga kiganja mdomoni, akamimina uji. Mtoto akigoma, alibanwa pua. Akifungua mdomo kutafuta pumzi, uji uliingia.

“Saba nimewalea hivi,” alisema kwa majivuno. “Mmoja sasa anaendesha lori. Nani alikufa?”

Hakufa mtu. Lakini mjukuu wake, Mwamini, hakuwa kama wale saba. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Hakukaa, hakutambaa, hakusema. Shingo yake ililegea, miguu ilikakamaa kama fito. Kombe la dua alikunywa, hirizi alivaa. Kila akila alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mwaka ule alikuwa amelazwa mara mbili kwa homa ya mapafu.

Asubuhi moja Semeni, mama yake Mwamini, alikuwa anafunga kanga aende shamba. Mara akasikia kikohozi mapajani kwa Bi Johari, kisha kimya. Akageuka. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi.

Semeni alimnyakua mwanawe, akamwinamisha, akampiga mgongoni. Uji ukatoka. Mtoto akalia.

“Mama, basi,” Semeni alimwambia mkwewe. “Leo simwachi. Nampeleka kwa nesi.”

“Waniona mie muuaji?”

“Sijasema hivyo, mama.”

“Basi twende wote. Nikasikie nasemwaje.”

Nesi wa zahanati aliitwa Natalia. Alikuwa mtu wa Songea, na alikuwa na desturi moja: alimsalimu mtoto kwanza, wakubwa baadaye.

“Hujambo, Mwamini?”

“Huyo hasikii, nesi,” Bi Johari alidakia. “Waongea na ukuta.”

Natalia akahamia upande wa pili, akaita tena taratibu. Macho ya Mwamini yakamfuata.

“Ukuta wenye macho huu, bibi,” alisema Natalia. Semeni akajikuta anacheka, mara ya kwanza siku ile.

Natalia alimpima mtoto, akauliza habari za kuzaliwa kwake. Semeni akaeleza kuwa uchungu ulikuwa mrefu, na mtoto alichelewa kulia.

“Mwanao ana mtindio wa ubongo,” alisema Natalia. “Sehemu ya ubongo inayoongoza misuli iliumia. Si shetani, wala si kosa lako. Dawa ya kuliondoa jeraha hilo hatuna. Lakini mtoto huyu anaweza kujifunza mengi, na wakati mzuri ni sasa, angali mdogo. Kwanza tumwokoe na kupaliwa, maana chakula kikiingia mapafuni huleta homa. Bibi, unamlishaje?”

Bi Johari alieleza habari ya kiganja, na ya wale saba, na ya lori.

Natalia akajaza kikombe maji. “Bibi, lala chali pale kitandani, unywe haya.”

“Nilale chali? Nife?”

Neno lilikwisha kutoka. Bi Johari alimtazama mjukuu wake, kisha kikombe. Mdomo ule, ambao Bungu nzima iliuogopa, ukauliza kwa sauti ndogo, “Basi nimlisheje?”

Natalia hakumcheka. Alivuta kigoda, akasema kwa upole, “Wale saba walikuwa na shingo imara. Huyu anahitaji ufundi zaidi, na mikono yenye ufundi ninaiona hapa.”

Akamwonyesha. Mwamini aliketishwa wima, makalio yamerudi nyuma, magoti yamekunjwa, kichwa kimeinama mbele kidogo. Uji uwe mzito. Kijiko kiwe kidogo. Ameze kwanza, ndipo apewe kingine. Akishiba, asilazwe kwa nusu saa.

“Na mzungumze naye,” alisema Natalia. “Mtoto asiyesemeshwa hujifunzaje kusema? Mpeni vitu ashike. Mwonyesheni viwili, mngoje achague.”

Baba yake Mwamini, Mrisho, alikuwa mjenzi wa madungu, vile vibanda virefu vya kulindia mpunga bondeni. Jioni ile alikata fito, akaunda kiti cha mtoto, chenye mgongo kama kona ya ukuta na meza mbele. Semeni akakitandika koti la mitumba. Lilikuwa koti la baridi kali, na kabla ya hapo hakuna aliyejua koti hilo lingefanya kazi gani Bungu.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Bakuli moja lilichukua saa nzima. Bi Johari alilalamikia mgongo, akalalamikia kijiko, akamlalamikia mtu wa Songea. Lakini kila asubuhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukitandika kile kiti.

Akasuka pete za ukili Mwamini azishike. Akasuka na kayamba ndogo yenye punje za mahindi ndani. Na alipoambiwa amsemeshe mtoto, hapo alikuwa amefika nyumbani. Alimsimulia nani kaachika, nani kanunua redio ya mkopo, nani anapaka hina kuficha mvi. Mwamini akawa mtoto pekee aliyejua siri za mtaa mzima, wala hakumtobolea mtu.

Masika yakapita bila homa ya mapafu. Shingo ikaanza kukaza. Mikono ikajifunza kushika pete, kisha kuipeleka mdomoni.

Siku moja baada ya mavuno, Natalia alikuja na baiskeli yake kumtazama. Bi Johari alikuwa na bakuli la uji. Kando yake kulikuwa na sahani ya samaki, perege wa kuchemsha, chakula cha wakubwa. Akachota uji.

Mwamini alifumba mdomo, akageuza uso.

“Fungua, bibiye. Uji huo, wataka nini tena?”

“Ngoja, bibi,” alinong'ona Natalia. “Mtazame macho.”

Macho ya Mwamini yalikwenda kwenye samaki. Yakarudi kwa bibi. Yakaenda tena kwenye samaki. “Mm!” akasema. “Mmm!”

Bi Johari alisimama, kijiko mkononi, akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Jirani mmoja akaja mbio, unga umemjaa mikononi.

“Kuna nini, Bi Johari? Harusi?”

“Mjukuu wangu kanikatalia uji!”

“Ndiyo vigelegele vyote hivyo?”

“Ndiyo! Kachagua mwenyewe! Kanikataa mchana kweupe, mbele ya nesi!”

Akaketi, akachambua samaki kwa vidole. Miiba yote aliitoa, akapapasa tena kuhakikisha, akaponda na mchuzi mpaka nyama ikalainika. Akachota kidogo, akakisogeza kijiko mbele ya mtoto. Hakumgusa pua, hakumshika kidevu. Aliinamisha kichwa chake mwenyewe mbele kidogo ili mtoto amwige, akangoja.

Mwamini akafungua mdomo.