Vikombe Kumi na Kimoja vya Boza la Umm Jazi

Jua la Mafraq, mji wa ukingoni mwa jangwa, lilikuwa linazama, na Abu Mitaab alibakiwa na kazi moja tu: kufunga gereji akanunue mkate kabla tanuri halijazimwa. Mkate huo hakuununua. Alisikia lori linakuja, akalijua kwa mngurumo, maana alilichinja na kulishona yeye mwenyewe.

Abu Mitaab si fundi wa kubahatisha, muulize yeyote, au muulize yeye, atakujibu kwa urefu zaidi. Malori ya jeshi yakipigwa mnada, wafugaji wa jangwani humpelekea yeye, naye huyageuza maboza, malori ya kubeba tenki la maji. Amepungukiwa kidole kimoja tu, kwenye majigambo hajapungukiwa kitu.

Umm Jazi akashuka na kuubamiza mlango. Mjane, mwenye kondoo mia mbili, na dereva wa kuwaaibisha wanaume.

"Nusu tena, Abu Mitaab! Nimejaza tenki pomoni, nimefika kambini na nusu. Hili ni boza au chujio?"

"Punguza sauti, mama, majirani..."

"Wasikie! Leo kondoo saba hawakuamka. Wiki ijayo sitakuwa na wa kuchunga. Na wewe uliapa kwa masharubu yako!"

Kweli aliapa. Aliapa siku alipong'oa turubai na mabenchi ya askari akafunga tenki. Mbao moja nzuri ya benchi aliikata kwa msumeno, akajitengenezea meza ya chai. Akaapa tena alipochomelea upya kila mshono. Hii ilikuwa mara ya tatu lori linarudi.

Akalijaza tenki palepale uani, akatandika magazeti chini, akalala chali uvunguni na tochi mdomoni. Hakuna tone. Akabadilisha koki. Akabadilisha gasketi. Akagonga mishono yote kwa nyundo, mmoja mmoja, na kila mmoja akautukania mama yake. Magazeti makavu kama yalivyotoka dukani. Akarusha spana kwa hasira, ikavunja taa ya mbele, taa mpya aliyoifunga juzi!

"Kesho naenda na wewe," akasema akihema. "Nakuja na nyundo yangu."

"Njoo na aibu yako pia. Nafasi ipo."

Wakaondoka alasiri. Magharibi iliwakuta ng'ambo ya mji mdogo wa Safawi, katikati ya jangwa la mawe meusi. Umm Jazi akazima injini ili aswali. Abu Mitaab akapanda juu ya tenki, akatumbukiza ufito apime maji. Pomoni. Akashuka akicheka peke yake. Chujio, eti!

Upepo ukakatika.

Kwanza ilikuja harufu. Turubai la zamani... mafuta ya bunduki... jasho.

Kisha springi za nyuma zikalia. Nyiii... Lori likashuka kidogo. Likatulia. Nyiii... likashuka tena. Na tena. Kama watu wanapanda mmoja mmoja, watu waliochoka sana.

Hapakuwa na mtu.

Tok. Tok. Kitu kikagonga tenki, taratibu, kama mgeni mwenye haya. Halafu Abu Mitaab akasikia kumeza. Si koo moja. Makoo mengi kwa pamoja, kwa pupa, glu, glu, glu... Nyundo ikamtoka mkononi.

"Usipige kelele," Umm Jazi akanong'ona kutoka kwenye mswala wake. "Marehemu mume wangu alikuwa askari. Aliwahi kunisimulia lori lililopotea hukuhuku, kiangazi. Walipolipata, vijana wote walikuwa wameketi kwenye mabenchi, wima, wametulia. Vibuyu vyao vikavu."

"Ndilo hili?"

"Nitajuaje? Namba ilishapakwa rangi. Lakini hawa si wezi, Abu Mitaab. Hawa wana kiu."

Springi zikainuka. Abu Mitaab akapanda tena na ufito. Nusu. Na chini, mawe makavu.

"Wawekee sabili, maji ya sadaka kwa wapita njia," alisema Umm Jazi. "Mtu mwenye kikombe chake hanywi kwa pupa."

Asubuhi, wakiwa wamerudi Mafraq, Abu Mitaab akayapindua mabenchi ya lori lile, yaliyolala nyuma ya gereji. Chini ya mbao palikwaruzwa majina kwa msumari. Akahesabu. Kumi na moja. Benchi la pili liliishia pale alipokata kwa msumeno, hakupajali. Akachomelea koki ndogo ubavuni mwa tenki, akaning'iniza vikombe kumi na kimoja vya bati kwa minyororo. "Kunyweni, wanangu," akasema, "lakini kwa kipimo."

Boza likafika kambini limejaa. Vikombe tu ndivyo vilivyokuwa na unyevu. Kondoo wakanywa, na Umm Jazi akaomba radhi, jambo ambalo wanawe hawajawahi kulishuhudia. Kisha akahamisha kambi mashariki kufuata malisho, hadi mvua zitakaporudi.

Kila baraza la kahawa Mafraq likakoma kwa majigambo yake. "Wenzangu mnatengeneza magari," alijitapa Abu Mitaab. "Mimi hata abiria wake nimewatengeneza!"

Siku ya tano, birika lake la chai lilikauka mezani. Hakulinywa yeye. Siku ya sita, vilevile. Siku ya saba akaipindua ile meza aliyoitengeneza kwa mbao ya benchi.

Jina la kumi na mbili.

Akaifungua mbao bolti kwa bolti, akilaani mkono wake wenye msumeno. Airudishe wapi? Lori liko mashariki, na mvua bado miezi mitatu. Akailaza mbao kwenye kona ya gereji, akaweka kikombe kando yake. Kila magharibi anakijaza, kila asubuhi anakikuta kikavu. Akaanza kuzoea.

Jana asubuhi alikikuta kimejaa. Hakijaguswa. Akafurahi, akidhani mgeni wake ameondoka, akaenda nyumbani akipiga mluzi, akamwambia mkewe ampe maji.

Akanywa gilasi. Akanywa ya pili. Akaushika mtungi kwa mikono miwili, akaumaliza mpaka matone ya mwisho. Kanzu imelowa, tumbo limemvimba, midomo yake inapasuka kwa ukavu.

"Leta mengine," akasema.

Mkewe akarudi nyuma hatua moja. Sauti iliyotoka kinywani mwa mumewe haikuwa yake, ilikuwa ya kijana.