Rafu Kwenye Ukuta wa Dohani

Kila jioni akitoka shule, Wangui alipitia kwenye nyumba yao mpya pale Kiganjo. Alizunguka vyumbani mikono ikiwa nyuma, kama chifu anayekagua soko, akiwauliza mafundi maswali hadi wakamwomba aende nyumbani akanywe chai.

Nyumba ilikuwa inamaliziwa kwa haraka kwa sababu ya Shosho, nyanya yake Wangui, ambaye kifua chake hakikuiweza baridi ya Julai. Na baridi ya Kiganjo si mchezo: jogoo wa huko huwika akiwa chini ya blanketi, na maziwa humegwa, hayamiminwi. Ndiyo maana msanifu majengo, Bwana Wahome, alichora meko ya kuota moto katika chumba cha Shosho. Dohani, yaani njia ya kupandishia moshi, ilipita ndani ya ukuta uliotenganisha chumba hicho na cha Wangui.

Wangui naye alitaka rafu ya vitabu kwenye ukuta huohuo. Alimwendea Aaliya, mbunifu wa mambo ya ndani, aliyekuwa akichagua rangi.

"Anti Aaliya, si unichimbie rafu hapa? Kama zile za hoteli za Nanyuki."

"Rafu ni kazi yangu, mrembo, lakini ukuta ni wa Bwana Wahome. Muulize kwanza."

Bwana Wahome hakuwepo siku hiyo. Wangui hakuwa na subira ya kumngoja, tena aliogopa angemkatalia. Alimwendea Fundi Gatimu, mtu wa mikono mikubwa hivi kwamba tofali likiwa kiganjani mwake lilifanana na kipande cha sabuni.

"Fundi, Anti Aaliya amesema unichimbie rafu hapa."

"Na Wahome?"

"Anajua."

Kwa mafundi wa huko, neno la mwenye nyumba humaliza mabishano, hata likitoka kwa mtoto wake. Tena ukuta ule ulijengwa kabla Gatimu hajaajiriwa, hivyo hakujua kuna dohani ndani. Alichukua tindo na nyundo, akachimba rafu safi, akaipiga plasta. Nyuma yake ukabaki utando mwembamba tu wa tofali.

Jumamosi Shosho aliletwa kutoka Kianyaga. Moto ukawashwa, watu wakapiga makofi. Punde si punde, utando ule ukapasuka kwa joto, na moshi ukaanza kufuka kati ya vitabu vya Wangui, ungedhani kitabu cha hesabu kimeiva. Ukajaa vyumba vyote viwili. Shosho alikohoa hadi akatolewa nje akiwa ameshikwa mikono.

Mama Wangui aliwapigia simu wahusika wote. Walipofika, ugomvi ukawaka kuliko meko.

"Nani amechimba ukuta wangu?" Bwana Wahome alifoka. "Nyinyi watu wa mapazia mmezidi!"

"Watu wa mapazia? Wewe uliificha dohani kama hirizi! Ungeniambia ilipo!" Aaliya alimjibu.

"Ungeniuliza!"

"Mimi niliambiwa Aaliya amesema," Gatimu alijitetea.

"Ati nimesema? Lini?"

"Basi!" Mama Wangui alikata maneno. "Mama yangu atarudi Kianyaga leo. Na wewe Aaliya, kusanya vitu vyako uende."

Wangui alikuwa ameketi kando ya Shosho, akisikia kifua chake kikikoroma kama birika. Macho ya Aaliya yalikuwa yamejaa machozi. Wangui aliona kwamba akinyamaza tu, Aaliya ndiye atakayebeba lawama. Akasimama.

"Ni mimi. Anti Aaliya alinituma nikuulize, Anko Wahome. Sikukuuliza. Nikamdanganya Fundi."

Bwana Wahome akajikuna kichwa. "Uongo wake ulipata mlango wazi. Aaliya, mimi na wewe hatujawahi hata kukaa pamoja tukagawana kazi."

"Hatujawahi," Aaliya alikubali, akijifuta uso.

Mama Wangui alimwomba Aaliya msamaha. Kisha Wahome na Aaliya wakaingia ndani na kipande cha makaa. Kila palipopita moshi, maji au umeme, na kila ukuta uliobeba paa, Wahome alitia alama. Rafu, kabati, taa na rangi vikawa vya Aaliya. Mahali kazi zao zilipokutana, waliafikiana kwamba Gatimu hagusi tindo hadi wote wawili wawe wamesimama hapo.

Ukuta ulijengwa upya, Wangui akisomba maji ya kukorogea simiti bila kunung'unika. Aaliya akamwekea rafu ya mbao kando ya dirisha.

Plasta ilipokauka, Shosho aliletwa tena kutoka Kianyaga, moto ukawashwa, na moshi ukapanda juu kwa adabu. Shosho alinyoosha miguu.

"Wangui, hawa wakubwa walikosa kuambiana nani anashika nini, na wamejirekebisha. Lakini wewe ulielezwa, ukaamua kudanganya. Ukitumwa kuuliza, uliza, hata kama unaogopa kukataliwa. Kukataliwa hakujamkohoza mtu."

"Ndiyo, Shosho. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa niongezee kuni."

Wangui alifika mlangoni, akasita.

"Mama! Nichukue kuni zipi?"

Akasimama palepale hadi alipojibiwa.