Breki Iliyokuwa Nzima

Gari lilikuwa limelala ubavu kwenye mteremko wa Seneto, chini yake bonde zima la kreta likiwaka jua la asubuhi, na Obed Tluway, mwongoza watalii msaidizi, alikuwa amekufa. Wageni wawili wa kiti cha nyuma walitoka na michubuko. Dereva, Melkizedek, alivunjika mkono. Askari wa hifadhi walipomuuliza kulikoni, alijibu neno moja tu: "Nilikanyaga breki, ikazama mpaka chini."

Kesho yake gari lilivutwa hadi kituo cha polisi Karatu. Inspekta Naomi aliketi kwenye kiti cha dereva, akakanyaga breki. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Akakanyaga tena kwa nguvu zake zote. Haikushuka. Ndipo akaagiza Melkizedek aitwe.

"Umesema breki ilizama."

"Ndiyo, afande."

"Nimeikanyaga mwenyewe, haizami. Chupa ya mafuta ya breki imejaa. Hakuna bomba lililopasuka. Ulikunywa?"

"Mimi ni Msabato, afande. Pombe siijui."

"Basi ulisinzia."

"Seneto mtu hasinzii. Mbele yetu kulikuwa na gari linajikokota, ikabidi nishike breki karibu mteremko mzima. Mwanzo ilikuwa nzuri. Katikati ikaanza kulegea. Halafu ikawa kama nakanyaga sponji. Nikaona heri nigonge ukingo wa mlima kuliko tuende kule chini." "Upande uliogonga ndio aliokaa Obed."

Naomi alifunga jalada. "Mtu amekufa, na breki ni nzima. Usipoleta maelezo mengine, nitakufungulia kesi wewe."

Jioni Julius alimletea mtori nyumbani, akamlisha kwa kijiko kama mtoto. Julius alikuwa fundi wa gereji ya Mzee Bartolomeo, mwenye magari ya utalii ambayo Melkizedek aliendesha. Ndiye aliyemtoa Marangu akamleta Karatu, akamfundisha gari tangu gia ya kwanza, na siku ya harusi yake akasimama ubavuni mwake. Melkizedek hakuwa na ndugu wa tumbo moja; alikuwa na Julius.

"Mimi namshuku Supeet," Julius alinong'ona. "Siku moja kabla ya safari nilimkuta ameinua boneti ya gari lako. Na mlikuwa mmegombana juu ya wale wageni, au sivyo?"

Ni kweli yeye na dereva mwenzake huyo waligombana nani awachukue wale wageni. Melkizedek hakulala. Kulipokucha alimfuata Supeet kwenye maegesho ya loji, akamuuliza waziwazi.

Supeet aliweka chini kikombe chake cha chai. "Niliinua boneti, ndiyo. Gari langu liligoma kuwaka, nikaazima umeme kwenye betri yako. Mwulize mlinzi, yeye ndiye aliyeshika nyaya." Akamtazama mkono uliofungwa. "Sisi kwetu tukichukiana na mtu tunamwambia usoni, Melkizedek. Hatumvizii nyuma ya chuma."

Mlinzi alithibitisha. Melkizedek alirudi barabarani akiwa hana mtu wa kumshuku, isipokuwa swali moja: breki gani hii inayokufa ikipata moto na kufufuka ikipoa?

Jibu alikuwa nalo zamani. Alifundishwa na Julius mwenyewe, wakiwa chini ya gari, wakati angali hajui hata spana. "Kimiminika hakibanwi," Julius alikuwa akimwambia. "Ukikisukuma huku, msukumo unafika kule vilevile, ndiyo maana mguu wako unasimamisha gari zima. Lakini hewa au mvuke hubanwa. Vikiingia kwenye bomba, unakanyaga weee, mguu wako unaishia kubana mvuke, gurudumu halipati kitu."

Mvuke. Mafuta ya breki huvumilia joto kubwa sana, lakini yakichanganywa na maji huchemka mapema. Yakipoa, mvuke hurudi kuwa maji, na breki inakuwa ngumu kama jiwe.

Kesho yake, baada ya mazishi ya Obed, alimweleza Naomi yote, hata habari za Supeet. Inspekta hakubishana. Alimwita fundi wa polisi, wakafungua kijiskrubu cha kutolea mafuta kwenye gurudumu la mbele, wakakinga mafuta kidogo kwenye kikopo. Kikopo kingine wakajaza mafuta mapya kutoka stoo ya Mzee Bartolomeo. Wakaviweka vyote viwili juu ya jiko la mkaa uani pa kituo. Mafuta mapya yalitulia tuli. Yale ya gurudumuni yalianza kutokota na kutoa povu mpaka fundi akayaondoa.

"Maji," alisema Naomi. "Na ya stoo ni mazima, kwa hiyo si bosi aliyenunua mafuta feki. Mtu aliyatia maji kwenye chupa chini ya boneti. Supeet?"

Melkizedek alikuwa anatazama kile kikopo.

"Hapana, afande. Mafuta ya breki hayatembei kama maji ya bombani. Yanasukumana tu. Ukitia maji kwenye chupa, yanabaki juu kulekule. Ili yafike gurudumuni lazima mafuta ya zamani yatolewe. Mmoja anafungua kijiskrubu chini, mwingine anakanyaga pedali, mpaka mapya yafike."

"Watu wawili, basi. Nani alikanyaga?"

"Mimi," alisema Melkizedek. "Aliniambia anabadilisha mafuta kwa sababu ya safari ya kreta. Nikakaa ndani, nikawa namkanyagia. Nikamshukuru."

Hakutaja jina. Naomi alichukua pingu, wakaenda gerejini.

Walimkuta Julius chini ya gari, miguu ikichungulia. Alitoka akijifuta mikono.

"Mafuta uliyoyatia yalikuwa na maji," alisema Naomi.

"Mafuta anayonunua bosi..."

"Tumeyapima."

"Basi Supeet. Melki, si nilikwambia? Wewe unanijua mimi."

"Nakujua," alisema Melkizedek. "Katika mji huu hakuna fundi mwingine ambaye ningemkanyagia breki bila kushuka kuangalia anachotia."

Julius alikaa juu ya tairi. Alipoongea, hakumtazama Naomi hata kidogo. "Nilikutoa kwenu huna hata viatu vya safari. Kila unachokijua nimekupa mimi. Halafu nasikia kwa wapishi kwamba bosi anakufanya meneja wa kambi mpya. Mimi niwe chini yako? Na wewe kimya!"

"Aliniomba nisiseme mpaka atangaze mwenyewe."

"Nilitaka ilegee tu. Usimame njiani, wageni walalamike, bosi aone hufai. Obed hakupangiwa safari hiyo. Alibadilishana zamu asubuhi."

"Na mimi?" aliuliza Melkizedek. "Mimi nilikuwa kwenye safari, Julius. Ukaniletea mtori."

Julius alifunika uso kwa viganja vyenye grisi. Naomi akamfunga pingu.

Jumapili Melkizedek alikwenda kijijini Endamarariek. Monika, mjane wa Obed, alimsikiliza hadi mwisho, amesimama mlangoni.

"Julius," alirudia taratibu. "Yule aliyechimba kaburi? Wenzake walipumzika, yeye akakataa kuachia koleo."

"Ndiye huyo."

Aliingia ndani, akatoka na sweta la kijani lililokunjwa vizuri, lenye udongo mwekundu mikononi. "Alilivua akichimba, akalisahau. Nililikunja nikaliweka nije nimfulie." Akalitia mikononi mwa Melkizedek. "Mpelekee. Lisilale tena nyumbani kwangu."