Mvua ya Jumapili Iliyoandikwa Ijumaa

Kila asubuhi kabla ya kengele, Bimkubwa alikwenda nyuma ya stoo ya shule, akachuchumaa mbele ya chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, akasoma mvua ya usiku. Bimkubwa halikuwa jina lake. Wenzake wa darasa la sita walimbandika kwa sababu alipenda kuamuru, na yeye alikuwa amekwisha kuchoka kulikataa.

Chupa hiyo ilikuwa kipimamvua. Ng'ambo ya kilima, wanafunzi wa shule nyingine walikuwa na chupa kama hiyo. Shule hizi mbili hazikuwahi kuonana uso kwa uso. Zilikutana kwenye mtandao, katika jedwali moja ambalo kila upande ulijaza vipimo vyake. Baada ya wiki nne wangeandika ripoti moja: je, kilima kinagawa mvua sawa? Ripoti ingesomwa mbele ya wazazi wa pande zote mbili.

Kupima kulikuwa kwa zamu, watu watatu: Bimkubwa na wenzake wawili wa darasa, Kobe na Redio, nao wakiitwa kwa majina ya kubandikwa. Lakini Kobe alifika kengele ikiwa imekwisha kulia, na Redio alikuja kupiga soga tu.

"Redio, leo zamu ya nani?"

"Yako, Bimkubwa wetu. Nani mwingine anajua kusoma vile vimistari?"

"Jana yangu, juzi yangu! Kwani nimeolewa na hii chupa?"

"Siku ya harusi usitusahau. Kula tutakuja wote."

Ijumaa ndiyo iliyomshinda. Shule ilikuwa na kompyuta mbili, moja nzima na moja pambo. Kwenye ile nzima, mtandao ulijikokota na kiduara kikazunguka mpaka macho yakamuuma. Jedwali lilipofunguka, ilikuwa saa tano. Alipokumbuka kwamba kesho na keshokutwa angerudi peke yake kumwomba mlinzi amfungulie lango, alisonya. Akatazama mawingu dirishani, akajaza kabisa: Jumamosi milimita sita, Jumapili kumi na mbili. Nani angebisha?

Jumatatu walikuta ujumbe kutoka ng'ambo. Redio akausoma kwa sauti, maana hajui sauti nyingine:

"Hamjambo wenzetu. Jedwali linaonyesha mvua yenu ya Jumapili iliandikwa Ijumaa saa tano na dakika kumi. Mwambieni mtabiri wenu atupe na maswali ya mtihani. Lakini tuache utani: grafu yote tumekwisha kuichora kwa vipimo hivyo. Tuitupe?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bimkubwa akatamani kuingia ndani ya droo.

"Hukujua jedwali linaweka saa?" Redio akauliza.

"Ningejua ningeandika?"

"Basi sema mtandao ulikosea. Si kila siku unakosea?"

Neno hilo lilimkaa vizuri Bimkubwa. Vidole vilikuwa tayari juu ya vibonye pale Kobe, ambaye huongea mara moja kwa wiki, alipojikohoza.

"Jumapili haikunyesha. Nilianua nguo za mama, zimekauka kama makaratasi."

Mwalimu wa jiografia alikuwa mlangoni, vumbi la chaki mikononi. "Nani alijaza?"

"Mimi, mwalimu. Nilichoka. Hawa wawili kila siku..."

"Hao nitawafikia. Anza na lako."

Bimkubwa akaandika: "Samahani. Jumamosi na Jumapili hatukupima. Nilibuni. Tafadhali futeni." Akatuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kama kilichokodishwa kumtesa. Hatimaye jibu likaja.

"Mmetuudhi, grafu tunaanza upya. Lakini asanteni kwa kusema. Na sisi tuna letu: Jumatano iliyopita mbuzi alikunywa kipimamvua chetu, tukaandika nne kwa kukisia. Tunaifuta."

Hata mwalimu alicheka. Kisha akawageukia wote watatu.

"Nafasi tupu kwenye jedwali ni aibu ya siku moja. Kipimo cha uongo kinaharibu kazi ya watu ambao hata sura zao hamzijui. Nanyi wawili msijichekeshe, mzigo mliomtupia mwenzenu ndio uliozaa uongo huu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikilazimishwa, kitadai kimemvunja."

Jumamosi iliyofuata, mlinzi alifungua lango akiguna: watoto watatu, na wa kwanza ni Kobe! Redio akachuchumaa mbele ya chupa, akafumba jicho moja.

"Sufuri," akalalamika. "Nimeacha kitanda changu nije kusoma sufuri!"

"Iandike," Bimkubwa akasema. "Hiyo hata mbuzi hawezi kuinywa."

Ripoti ilisomwa mbele ya wazazi ikiwa na nafasi tatu tupu, na chini ya kila moja sababu yake.